Chumba Kisicho na Alfajiri

Niliamka na kiu. Nikapapasa nitafute chupa ya maji, mkono ukaangukia kitanda cha mama. Kilikuwa kitupu na shuka limeshakunjwa.

Giza la chumba kile lilikuwa la aina yake. Kwetu Ujiji umeme ukikatika usiku, bado utaona mstari wa mwanga chini ya mlango, au nyota kwenye tundu la bati. Mle hapakuwa na chochote, kufumba macho na kufumbua ilikuwa mamoja. Simu ndiyo iliyoniambia kwamba ni saa kumi na nusu alfajiri.

Nikajitupia kanga mabegani nikatoka. Korido ilikuwa ndefu, taa zake zinawaka kama mchana. Nilimpata sitaha ya saba, ile inayozunguka meli nzima kwa nje. Alikuwa kwenye benchi, mswala umekunjwa mapajani, anatazama upande wa mashariki ambako bado kulikuwa kweusi.

"Shikamoo mama. Mbona uko huku?"

"Marahaba. Nasubiri alfajiri."

"Si ungeisubiria chumbani, kuna baridi huku."

"Chumba kile hakina alfajiri, mwanangu."

Hakulalamika. Alisema vile angesema chakula hakina chumvi, kisha akasogea ili nami nipate pa kukaa.

Ni wiki ya saba sasa, na neno hilo bado halijanitoka.

Daftari langu

Safari ilikuwa zawadi ya mama kutimiza miaka 70. Watoto wanne tulichanga. Ilikuwa meli ya kitalii, siku saba kwenye Bahari ya Mediterania, kupanda Genoa na kushukia Genoa. Mimi ninayeishi Bremen, Ujerumani, ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kuchagua meli na chumba. Niliifanya kazi hiyo kwa miezi mitatu, kila usiku baada ya zamu, na daftari la mistari lilijaa.

Nilijifunza mengi, na mengi yalikuwa ya kweli.

Nilijifunza kwamba chumba cha kawaida cha ndani, kisicho na dirisha, huwa kati ya mita za mraba 12 na 16, na kwamba cha roshani kinaweza kuonekana kikubwa kwenye tangazo kwa sababu wamejumlisha na roshani yenyewe. Ukitoa roshani, unakuta pa kulala ni palepale. Nilijifunza kukwepa vyumba vilivyo chini ya sitaha ya bwawa la kuogelea, kwa kuwa viti huburutwa juu ya kichwa chako kabla hakujapambazuka. Kukwepa pia vyumba viwili vilivyounganishwa na mlango wa ndani, maana kikohozi cha jirani kinapita. Anayeogopa kichefuchefu atafute katikati ya meli na sitaha za chini, huko mtikisiko ni mdogo kuliko omoni, yaani mbele, au tezini, yaani nyuma.

Nikasoma hata historia. Mwaka 1984 iliingia majini Royal Princess ambayo vyumba vyake vyote vilitazama nje, hapakuwa na cha ndani hata kimoja. Nilipoijua habari hiyo nilikaa nikashangaa kwa nini meli zote zilizofuata hazikuiga. Jibu ni jepesi: meli ikinenepa, tumbo lake linabaki bila ukuta wa nje, na tumbo nalo linauzwa. Mwaka 1998 Disney Magic ikagawa bafu mara mbili, choo na sinki huku, kuogea kule, ili familia isigombee mlango asubuhi. Hilo nililipenda sana. Mwaka 2010 Norwegian Epic ikaenda mbali zaidi: sinki ikatolewa nje hadi chumbani, choo upande mmoja, kuogea upande mwingine, nyuma ya vioo vya ukungu. Abiria wengi waliulalamikia mpango huo, na mtu yeyote aliyewahi kulala chumba kimoja na mzazi wake ataelewa kwa nini bila kuelezwa.

Daftari lilikuwa na safu ya bei, ya ukubwa, ya sitaha, ya umbali kutoka kwenye lifti, ya upana wa kitanda, ya idadi ya soketi. Tofauti kati ya chumba cha ndani na cha dirisha ilikuwa kubwa kwa mifuko yetu. Nikasema moyoni: tutalala tu mle, mchana kutwa tutakuwa nje. Nikalipa.

Safu ya mama haikuwepo. Sikuwahi kumpigia simu nimuulize, mama, wewe ndani ya chumba unafanya nini na nini?

Sakafu

Anasali mara tano, hilo nalijua tangu nikiwa tumboni. Nilijua pia ana ruhusa ya msafiri, ya kupunguza na kukusanya, na yeye mwenyewe anaijua kuliko mimi. Lakini hata sala iliyopunguzwa inataka sakafu.

Mswala wake una urefu wa sentimita 110 hivi. Vitanda vyetu viwili vilitenganishwa na kinjia cha kupitisha miguu tu. Nafasi pekee ya kuutandika ilikuwa kati ya mwisho wa vitanda na meza ya kioo, na hapo mswala ulikaa kwa namna moja tu, ukielekea kabati. Meli haielekei upande mmoja. Tulipokuwa tunatoka Marseille, kwa hesabu yangu kibla kilianguka kwenye pembe ya kabati. Siku nyingine kikawa mlangoni. Nikatoa simu nitumie dira, sindano ikazunguka kama iliyorukwa na akili, maana ukuta ni chuma, sakafu ni chuma, dari ni chuma.

Mwenye dirisha anaona jua liko wapi, akageuka.

Siku ya pili mama aligonga paji la uso kwenye kijokofu akisujudu. Hakusema. Nilisikia mlio, nikajifanya nimelala, na bado sijui kwa nini nilijifanya.

Chupa

Hili nimesita kuliandika. Nimemwomba ruhusa, ameniruhusu, kasema labda litamfaa mtoto wa mwingine.

Bandari ya kwanza mama alinunua chupa kubwa ya maji ya lita moja na nusu. Alikunywa, akagawa, na ilipokwisha hakuitupa. Aliiweka bafuni, nyuma ya pipa dogo la taka. Mhudumu alipokuja kusafisha asubuhi aliiondoa, naye mama akanunua nyingine, na uso wake siku hiyo haukuwa na furaha. Nikamwambia, mama, maji ya bomba yanafaa, hata juu kuna ya bure. Akaitikia tu.

Ilinichukua siku tatu kuelewa. Mle chooni hapakuwa na bomba la kujisafishia, ni karatasi peke yake. Mimi nimeishi Ulaya miaka 11, nimezoea kupanga kopo langu nyumbani bila hata kufikiri, na safarini najua njia zangu. Mama yangu mwenye miaka 70 alikuwa anatafuta kopo kwenye meli ya ghorofa nyingi iliyojaa marumaru, na hakutaka kunitia aibu kwa kuliomba.

Kuna na kizingiti. Bafu la meli huwa limeinuliwa mlangoni ili maji yasitoke chumba kinapoyumba. Lilikuwa na akili ya kutosha kuzuia maji yasimwagike, ila kwa mtu anayepanda na kushuka pale na miguu yenye maji ya udhu, magoti yakiwa yameanza kukataa, ilikuwa hatari mara tano kwa siku.

Narudia kuhesabu. Siku saba, mara tano.

Mtu aliyejua kuishi bila dirisha

Aliyetuokoa alikuwa mhudumu wa vyumba vyetu, kijana wa Indonesia. Jioni ya siku ya tatu aliingia kugeuza shuka akauona mswala juu ya kiti. Akasimama. Akamsalimia mama kwa salamu kamili, mama akaitikia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tupande. Hawakuwa na lugha ya pamoja baada ya hapo, mimi ndiye niliyekuwa natafsiri.

Alifanya mambo matatu. Aliisogeza meza ndogo na kiti hadi koridoni akasema atavitunza, sakafu ikapanuka ghafla. Akaleta jagi la plastiki kutoka kwenye stoo yao, akaliweka bafuni bila neno. Kisha akachukua rimoti akafungua chaneli moja ambayo sikuwa nimeigusa: picha ya kamera iliyofungwa omoni, bila sauti, bahari tu mbele ya meli. Akatuonyesha alama ya dira pembeni mwa picha na upande meli inakoelekea. "Iacheni wazi usiku," akasema. "Kunapopambazuka, chumba kitajua."

Nilimuuliza amejuaje. Akasema analala chini, chini ya mstari wa maji, na mwenzake mmoja, huu mwaka wa sita.

Nilikwenda kutafuta baadaye. Kuna Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, na Kenya na Tanzania zote zimeuridhia. Kwenye meli za abiria unasema chumba cha mabaharia wawili wasio maofisa kisipungue mita za mraba 7.5. Kitanda kisipungue sentimita 198 kwa 80. Mimi nilikuwa nahuzunika kwa mita zangu 14. Yeye alikuwa na nusu yake, na humo ndimo alikojifunza kupata alfajiri na kibla, miezi kwa miezi, ili aje kumfundisha mama yangu. Wapo vijana wetu wengi kutoka Mombasa na Unguja kwenye meli hizi, na nikifikiria hilo sasa naona vyumba viwili kwa wakati mmoja, kile nilicholipia na kile kilicho chini yake.

Usiku huo tuliacha runinga wazi. Niliamka nikamkuta mama ameketi kitandani. Ukuta ulikuwa umeanza kuwa na rangi ya majivu, kisha buluu hafifu.

"Hii hapa," akasema.

Papenburg

Mama aliporudi Ujiji, nilipata Jumamosi moja huru nikapanda treni kwenda Papenburg, kwa kupitia Leer. Ni mji mdogo wa mifereji, mbali na bahari, na humo kwenye kingo za mto Ems wanajenga meli za kitalii ndefu kuliko barabara zao. Meli ikimalizika huteremshwa mtoni kwa kinyumenyume, polepole, hadi baharini.

Watu wa Kigoma tuna sababu yetu ya kuujua mji huo. Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, ilitoka pale. Mwaka 1913 karakana ya Meyer iliiunda kwa jina la Graf von Goetzen, ikaifungua vipandevipande, ikaipakia kwenye masanduku 5,000 hivi hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, wakaiunga upya na kuishusha ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha kwenye mdomo wa Malagarasi ili isitekwe, na mafundi waliotoka nayo Papenburg walizipaka mashine grisi kwanza, kama watu wanaotegemea kurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina tunaloliita hadi leo.

Mji uleule. Kampuni ileile.

Siku hizi chumba hakijengwi ndani ya meli. Kinatengenezwa kiwandani kikiwa kizima, kuta, bafu, nyaya, hata kioo na kabati, kisha kinainuliwa na kusukumwa mahali pake kama droo kwenye meza. Ndiyo maana vyote vinafanana hadi skrubu ya mwisho. Na ndiyo maana, nikawaza, kosa likifanywa kwenye mchoro, linarudiwa mara elfu mbili kwa usahihi uleule.

Sipuuzi akili iliyomo. Disney Dream, iliyotoka Papenburg mwaka 2010, ilikuja na kitu kwenye vyumba vya ndani: dirisha la mviringo la kioo cha runinga, linaloonyesha bahari halisi ya wakati huohuo kutoka kwenye kamera za nje. Zamani ningesema ni kiini macho. Baada ya alfajiri ile ya buluu hafifu siwezi tena. Ila najiuliza kwa nini tundu la mviringo lililokuwepo kwenye meli ya mwaka 1913, tundu la bure la kuingizia pumzi ya ziwa, limekuwa kitu cha kulipia ziada au cha kuigiza kwa umeme.

Nilitoka pale nimeshajipangia maneno. Nilitaka kuandika kwamba kebini ya Liemba ilikuwa bora. Nina kumbukumbu yake: nina miaka mitano au sita, niko kitanda cha juu, kuna kidirisha, mitumbwi imejaa ubavuni mwa meli kwa sababu kijiji kile hakina gati, na mama ananyoosha mkono nje ananunua dagaa na ndizi. Kitanda juu ya kitanda, kisinki kidogo, joto, harufu ya mafuta. Chumba kidogo mno, na kila kitu kinaingia kwa dirishani.

Nikampigia simu nimsomee.

Mara moja tu

"Kebini?" akauliza. "Kebini gani?"

Nikamweleza. Akacheka kwa muda mrefu, kisha akanyamaza.

"Tulilala kebini mara moja tu. Ulikuwa na homa kali, karani wa meli akatuonea huruma, mwenye chumba alishukia Karema. Safari nyingine zote tulilala sitahani, juu ya mzigo. Hukumbuki? Wewe ulikuwa unalala juu ya magunia ya mchele, na mimi nakufunga kanga mkononi mwangu usije ukaviringika."

Sikumbuki. Miaka yote mama alikuwa akipeleka mawese kusini hadi Kirando na kurudi na mchele, nami nimebaki na kidirisha cha usiku mmoja.

"Kwa hiyo usiku ule kwenye meli, ulipotoka nje..."

"Nilitoka nje kwa sababu nje ndiko kwangu. Chumba ni cha kufungia mzigo. Wewe ulinikuta nina raha zangu, ukaja na uso kama umefiwa."

Nimelifikiria jibu hili kwa kina kuliko lile la kwanza. Sehemu yake naiamini. Alipokuwa kwenye benchi ile sura yake ilitulia, kanga kichwani, upepo unampiga, na naona sasa kwamba alikuwa mtu aliyerudi mahali anapopafahamu. Wiki zote hizo nilikuwa nambebea huzuni ambayo huenda hakuwa nayo.

Sehemu nyingine siiamini, kwa sababu namjua. Mama zetu wakipewa zawadi hawaitoi kasoro. Na ile chupa ya nyuma ya pipa haikuwa raha. Kijokofu kilichompiga usoni hakikuwa raha. Alinichagulia kipi nijue na kipi nisijue, kama alivyokuwa akinichagulia gunia laini.

Kwa hiyo nimekaa katikati. Sijui niombe radhi kwa lipi.

Wiki iliyopita kaka ametuma ujumbe kwenye kundi letu. Mama anataka kwenda tena mwakani. Kasema mwenyewe, bila kushawishiwa. Safari hii nilimpigia kabla sijafungua ukurasa wowote.

"Mama, nikutafutie chumba cha dirisha? Au cha roshani, ukae nje bila kutoka?"

Alifikiri. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anatwanga.

"Roshani nitakaa na nani? Nitafutie cha karibu na ngazi. Korido ile ilikuwa ndefu, mwanangu, magoti yaliniuma kuliko yote. Na nibebe kopo langu."

Daftari jipya lina safu chache. Nimefungua ramani ya sitaha za meli moja, nikaanza kwenye ngazi ya katikati badala ya kwenye bei. Kutoka ngazi hiyo hadi chumba cha kwanza cha ndani ni milango mitatu. Kutoka ngazi hiyohiyo hadi sitaha ya nje ni kushuka ghorofa moja, na benchi zimechorwa, upande wa kulia na wa kushoto. Nimekiwekea alama. Jumatatu nitapiga simu kuuliza kizingiti cha bafu kina sentimita ngapi.